Eneo la Uso wa Mzunguko: Namna ya Kulitafuta kwa Intigrali

Mkereza anapofunga gogo kwenye kerezo na kulizungusha, ncha ya patasi hufuata mstari mmoja tu, lakini mstari huo hugeuka kuwa ngozi ya mguu mzima wa kitanda. Mfinyanzi mwenye gurudumu hufanya vivyo hivyo kwa vidole vyake. Umbo linalopatikana kwa njia hiyo huitwa katika hisabati uso wa mzunguko: mstari, ulionyooka au uliopinda, huzungushwa kuuzunguka mhimili, na njia yote uliyoipita ndiyo uso wenyewe. Mstari ulio sambamba na mhimili huzaa mcheduara, yaani umbo la bomba au kopo. Mstari ulioinama na kugusa mhimili huzaa pia, yaani umbo la koni. Nusu duara huzaa tufe, na kipande cha parabola huzaa dishi la kupokelea matangazo ya satelaiti.

Eneo la uso wa namna hii hutafutwa palipo na rangi ya kupakwa, bati la kukatwa, au joto linalopotea kupitia ukuta wa tangi. Hutafutwa pia katika mitihani ya hisabati ya kidato cha sita na ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Kanuni yake huandikwa kwa mstari mmoja, na bado makosa ni mengi. Sehemu kubwa ya makosa hayo ina chanzo kimoja: ngozi ya kitu kupimwa kwa urefu wa mhimili badala ya urefu wa mshazari. Anayeelewa tofauti ya urefu huo wa aina mbili ameelewa sehemu kubwa ya somo hili.

Pete moja kwanza

Njia ya intigrali ni kuukata uso katika pete nyembamba zinazouzunguka mhimili, kutafuta eneo la pete moja, kisha kuzijumlisha zote. Kwa hiyo kazi huanza na pete, na pete nzuri ya kuanzia imo katika kila nyumba: ndoo.

Ndoo ni pia iliyokatwa kichwa. Eneo la ubavu wake hupatikana kwa kutoa pia ndogo, ile iliyokatwa, kutoka kwenye pia kubwa. Hesabu hiyo ikikamilika hubaki π(r₁ + r₂)l. Hapa r₁ na r₂ ni nusu kipenyo za mdomo na kitako, na l ni urefu wa mshazari, yaani ule unaopatikana kwa kulaza futi juu ya ubavu wa ndoo. Kwa kuwa nusu ya r₁ + r₂ ni nusu kipenyo cha katikati, kanuni hii yaweza kusemwa kwa maneno machache: mzingo wa katikati mara urefu wa mshazari.

Ichukuliwe ndoo yenye mdomo wa kipenyo cha sm 34, kitako cha sm 20 na kimo cha sm 24. Nusu kipenyo zake ni 17 na 10, na tofauti yake ni 7. Pembetatu mraba yenye pande 24 na 7 ina upande mrefu wa 25, nao ndio mshazari. Ubavu ni π × 27 × 25 = 675π, karibu sm² 2,121. Kitako ni 100π, karibu sm² 314. Bati la kutengenezea ndoo hiyo, kabla ya kuongeza sehemu za kukunjia na kuunganishia, ni kama sm² 2,435.

Kwa nini mshazari

Mwanafunzi aliyezoea kutafuta ujazo wa vitu vya mzunguko hushawishika kuukata uso katika vipande vya mcheduara vyenye unene dx na kuandika 2πy dx. Kwa ujazo njia ya mcheduara hufaa, kwa sababu sehemu ndogo inayoachwa pembeni mwa kila kipande hupungua haraka kuliko kipande chenyewe, na mwisho haina uzito wowote. Kwa uso haifai, na sababu yake huonekana vizuri kwenye ngazi.

Mteremko wenye mlalo wa mita 4 na kimo cha mita 3 una urefu wa mita 5. Mahali pake pakijengwa ngazi, milalo ya vidato vyote ikijumlishwa ni mita 4, viwe vidato kumi au elfu moja. Kuongeza idadi ya vidato hakuifanyi jumla ya milalo ikaribie 5 hata kidogo. Anayejumlisha kuta za mcheduara anajumlisha milalo, na mteremko wenyewe haumo katika hesabu yake.

Pia yenye nusu kipenyo 3 na kimo 4 inathibitisha jambo hilo. Mshazari wake ni 5, na eneo la ubavu wake ni πrl = 15π. Njia ya 2πy dx inatoa 12π, pungufu kwa sehemu moja ya tano. Kwa tufe hali ni mbaya zaidi: njia hiyo potofu inatoa π²r², karibu 9.87r², wakati eneo la kweli ni 4πr², karibu 12.57r². Kosa hilo halipungui hata vipande vikiwa vyembamba kama nywele.

Kanuni na hatua zake

Kipande kidogo cha mstari uliopinda, ambao hapa unaitwa mkunjo, kina mlalo dx na wima dy. Kwa kanuni ya Pythagoras, urefu wake wa mshazari ni ds = √(dx² + dy²). Ukitolewa dx nje ya kipeuo, unakuwa ds = √(1 + (dy/dx)²) dx, ambapo dy/dx ni mteremko wa mkunjo. Eneo la pete ni mzingo mara mshazari, yaani 2πr ds. Eneo la uso mzima ni

S = ∫ 2πr ds

Herufi r ni umbali kutoka kwenye mkunjo hadi kwenye mhimili. Kanuni ni hii moja. Zile zinazoonekana vitabuni kama kanuni nne tofauti ni hii hii, imevaa herufi mbalimbali, na mwanafunzi hana haja ya kuzikariri zote.

Utaratibu wa kazi ni mfupi. Kwanza, uchorwe mchoro wenye mkunjo, mhimili na pete moja. Pili, ipimwe r kwenye mchoro huo: mzunguko ukiwa kwenye mhimili wa x, r ni y; ukiwa kwenye mhimili wa y, r ni x; ukiwa kwenye mstari y = c, r ni tofauti ya y na c, bila alama ya kutoa. Tatu, ichaguliwe herufi moja ya kufanyia kazi, na ds iandikwe kwa herufi hiyo. Nne, mipaka iandikwe kwa herufi hiyo hiyo. Tano, r izidishwe na ds na kurahisishwa kabla ya kugusa alama ya intigrali. Hatua hii ya tano hupuuzwa mara nyingi, ingawa ndiyo huokoa muda kuliko zote, kwa sababu vipeuo vinavyotisha hufutana hapo.

Tufe na ganda la chungwa

Tufe linaonyesha faida ya hatua ya tano. Mkunjo wake ni nusu duara y = √(R² − x²), kutoka x = −R hadi x = R. Mteremko ni −x/y. Kwa hiyo 1 + (dy/dx)² ni (y² + x²)/y², ambayo ni R²/y², na kipeuo chake ni R/y. Hivyo ds = (R/y) dx. Kikizidishwa na 2πy, herufi y hufutika na kubaki 2πR dx, namba isiyobadilika. Intigrali yake kutoka −R hadi R ni 2πR × 2R = 4πR².

Mstari ule wa 2πR dx una habari zaidi ya jibu la mwisho. Unasema kwamba kila pete ya tufe ina eneo linalotegemea unene wake tu, wala si mahali ilipo. Chungwa la mviringo kamili lenye nusu kipenyo cha sm 4 likikatwa vipande vinane vya unene wa sm 1, kila kipande kina ganda la 8π, karibu sm² 25, kile cha katikati sawa na kile cha kwenye kikonyo. Kipande cha katikati kina mzingo mkubwa lakini ganda lake limesimama wima. Cha mwisho kina mzingo mdogo lakini ganda lake limelala sana, na mshazari unafidia upungufu wa mzingo kwa kipimo kamili.

Archimedes wa Syracuse, aliyefariki mwaka 212 KK, alilijua jambo hili karne nyingi kabla ya kalkulasi. Alithibitisha kwamba uso wa tufe ni theluthi mbili za uso wa mcheduara unaolibana tufe hilo, vifuniko vyake viwili vikiwemo. Aliuthamini ugunduzi huo hata kaburi lake likawekewa umbo la tufe na mcheduara. Ni kwa alama hiyo Cicero, akiwa ofisa wa Roma huko Sicily, alilitambua kaburi hilo mwaka 75 KK likiwa limefunikwa na vichaka.

Dishi la satelaiti

Dishi ni mfano wa mzunguko kwenye mhimili wa y. Mkunjo wake ni y = x²/(4f), ambapo f ni umbali kutoka kitako cha dishi hadi pale kinapowekwa kipokezi. Hapa r ni x, mteremko ni x/(2f), na mipaka ni x = 0 hadi x = R, nusu kipenyo cha mdomo. Intigrali ni

S = ∫ 2πx √(1 + x²/(4f²)) dx

Kilichomo ndani ya kipeuo kikiitwa u, basi x dx = 2f² du, na kazi inakuwa nyepesi. Jibu ni S = (8πf²/3)[(1 + R²/(4f²))^(3/2) − 1].

Dishi lenye kipenyo cha mita 1.8 na f ya mita 0.6 lina R = 0.9. Hapo R²/(4f²) = 0.5625. Jumla ya ndani ni 1.5625, kipeuo chake ni 1.25, na 1.5625 × 1.25 ni 1.953125. Kikitolewa 1 hubaki 0.953125. Kizidishi cha mbele ni 8π × 0.36/3 = 0.96π. Eneo ni 0.915π, karibu m² 2.87. Duara tambarare lenye kipenyo hicho hicho lina m² 2.54, kwa hiyo upindo wa dishi umeongeza eneo kwa asilimia 13 hivi. Anayekadiria rangi kwa duara tambarare atapungukiwa kwa kiasi hicho.

Hesabu hiyo hiyo yaweza kufanywa kwa herufi y, kutoka 0 hadi kina cha dishi, mita 0.3375. Hapo x = √(4fy), na mteremko dx/dy hauna kikomo pale y inapokuwa 0, jambo linalowatia hofu wanafunzi wengi. Lakini x ikizidishwa na ds hupatikana 2√f √(y + f) dy, ambayo haina tatizo lolote, na jibu ni m² 2.87 tena. Hili ni fundisho la kushika: kwanza izidishwe, ndipo iamuliwe kama kuna tatizo. Pia, kufanya hesabu kwa herufi zote mbili ni njia ya uhakika ya kulikagua jibu.

Kwa fundi wa bati kuna tahadhari moja zaidi. Pia na mcheduara hukunjuka zikawa tambarare, hivyo eneo lililokokotolewa ndilo la bati lenyewe. Tufe na dishi hazikunjuki. Bati bapa lazima livutwe, ligongwe au likatwe vipande ili kupata umbo hilo, na eneo la intigrali ni la uso uliokamilika, bila mabaki yatakayotupwa.

Njia ya mkato ya Pappus

Pappus wa Alexandria, katika karne ya 4, aliacha kanuni ambayo Paul Guldin aliitangaza tena katika karne ya 17: eneo la uso wa mzunguko ni urefu wa mkunjo mara umbali unaosafiriwa na kitovu cha mkunjo huo, yaani nukta ya wastani wa nukta zake zote. Sharti lake ni kwamba mkunjo usiuvuke mhimili.

Tyubu ya gurudumu iliyojazwa upepo hufaa kwa kanuni hii. Ichukuliwe yenye unene wa nusu kipenyo cha sm 6, kitovu cha unene huo kikiwa sm 30 kutoka katikati ya gurudumu. Urefu wa duara dogo ni 12π, na kitovu chake husafiri 60π. Zao lake ni 720π², karibu sm² 7,106. Intigrali kamili inatoa jibu hilo hilo kwa kazi kubwa zaidi. Ni vyema tu kukumbuka kwamba kitovu kinachohusika ni cha mstari wenyewe, si cha eneo lililozungukwa na mstari. Kwa duara kamili vitovu hivyo ni kimoja. Kwa nusu duara ni viwili tofauti, na anayevichanganya hukosa.

Intigrali inapogoma

Mikunjo ya vitabuni huchaguliwa ili kipeuo kitii. Kwa mfano, y = x³ kutoka 0 hadi 1 kwenye mhimili wa x hutii, kwa kuwa x³ iliyo nje ni mshirika wa 9x⁴ iliyo ndani ya kipeuo; jibu ni π(10√10 − 1)/27, karibu 3.56. Mikunjo ya maisha haitii, na mingi haina hata mlinganyo. Chungu kilichofinyangwa kwa mkono hakina fomula. Hata hivyo, kanuni S = ∫ 2πr ds haihitaji fomula, kwa sababu 2πr ni mzingo, na mzingo hupimwa kwa futi ya fundi cherehani.

Futi hulazwa juu ya ubavu wa chungu kutoka mdomoni hadi katikati ya kitako, ikifuata mpindo wote, na alama za chaki huwekwa kwa nafasi sawa. Kisha mzingo hupimwa kwenye kila alama. Tuseme ubavu una sm 40, alama ziko kila sm 10, na mizingo ni sm 63, 94, 110, 60 na 0. Kanuni ya Simpson, inayotaka idadi ya nafasi iwe shufwa, inajumlisha hivi: cha kwanza na cha mwisho mara moja, vya nafasi witiri mara nne, vya nafasi shufwa mara mbili, cha kwanza kikihesabiwa kuwa nafasi ya sifuri. Hivyo ni 63 + 4 × 94 + 2 × 110 + 4 × 60 + 0 = 899. Ikizidishwa na 10/3 ni karibu sm² 2,997, yaani kama m² 0.30.

Vipimo vyenyewe vina namna ya kujikagua. Nusu kipenyo hakiwezi kubadilika zaidi ya urefu uliotembewa juu ya ubavu. Kwa hiyo katika kila sm 10 mzingo hauwezi kupanda wala kushuka zaidi ya 20π, karibu sm 62.8. Kushuka kutoka 60 hadi 0 kunaruhusiwa, na kunaonyesha kitako kilicholala karibu tambarare. Kama kipimo cha nne kingekuwa 72, pangekuwa na kosa, na futi ingerudishwa kwenye chungu kabla ya hesabu kuendelea.

Kulikagua jibu

Jibu lolote la eneo la uso lapaswa kupita majaribio machache. La kwanza ni ukubwa: eneo la dishi, bakuli au kuba haliwezi kuwa dogo kuliko duara la mdomo wake, na jibu la ds haliwezi kuwa dogo kuliko lile la njia potofu ya dx. La pili ni vipimo: kilichoanza kwa sm lazima kiishie kwa sm². Jibu likitoka kwa sm³, mwandishi ametafuta ujazo. La tatu ni alama: mkunjo ukivuka mhimili, r huwa hasi upande mmoja na maeneo hufutana, hivyo lazima ukatwe pale unapovuka na kila kipande kihesabiwe peke yake. La nne ni miisho: intigrali hutoa ubavu pekee, na kitako au kifuniko huongezwa kwa mkono pale kazi inapokitaka.

Mipaka isiyo na mwisho inadai uangalifu wake. Mkunjo y = 1/x ukizungushwa kwenye mhimili wa x kutoka 1 kwenda mbele bila kikomo huzaa tarumbeta ambayo Evangelista Torricelli aliichunguza nchini Italia katika miaka ya 1640. Ujazo wake ni π kamili. Uso wake hauna kikomo, kwa kuwa kila pete ni kubwa kuliko (2π/x) dx, na jumla ya hizo hukua bila kusimama. Ujazo na uso ni maswali mawili, na jibu la moja si dhamana ya jingine.

Kwa anayejiandaa na mtihani, zoezi lenye faida kuliko kukariri ni kuchukua mshazari wa pia ya 3, 4 na 5, kuuzungusha kwanza kwenye mhimili mmoja kisha kwenye mwingine, na kuhakikisha kwamba 15π inatoka kwenye wa kwanza na 20π kwenye wa pili. Anayepata majibu hayo mawili kwa mchoro wake mwenyewe, akionyesha pete, mzingo wake na mshazari wake, hana kanuni nyingine ya kukariri.